Soko la Buni au Daftari la Alama? Njia Tatu za Kubashiri Habari Bila Fedha

Kikundi chetu cha kusoma magazeti hukutana kila Jumamosi jioni hapa Moshi, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya shule. Kwa kawaida tunakuwa kumi na wawili: walimu, karani wa chama cha ushirika wa kahawa, waongoza watalii wawili, kijana wa bodaboda, mfamasia, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya benki, na wanafunzi wa chuo. Kwa muda mrefu tulibishana kuhusu habari kama wanavyobishana watu wa kijiwe chochote. Mmoja aliapa kwamba mafuta yatapanda, mwingine akasema hayapandi ng'o. Mmoja alishikilia kwamba Benki Kuu itashusha riba, mwingine akamwambia anaota. Mwezi uliofuata kila mmoja alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema kweli, na wala hakuna aliyekuwa akidanganya, kwa kuwa hatukuwa tumeandika lolote.

Tulipoamua kuandika, tulikuta kwamba njia za kufanya hivyo kwa utaratibu ni tatu. Ya kwanza ni soko la ubashiri linaloendeshwa kwa daftari la oda, ambapo wanachama wananunua na kuuziana wao kwa wao kwa sarafu ya mchezo. Ya pili ni soko la aina hiyo hiyo, isipokuwa kila mtu ananunua na kuuza kwa mchuuzi mmoja anayeongozwa na kanuni ya hesabu. Ya tatu haina soko kabisa: kila mtu anaandika asilimia yake, na tukio likitokea au lisipotokea anapewa alama. Tumezijaribu zote tatu, na ninaandika kwa ajili ya vikundi vingine, vya shule, vya vyuo au vya vijiwe vya kahawa, vinavyotaka kuchagua. Ninakoelemea nakusema mapema: kikundi cha watu chini ya ishirini hakitafika mbali na daftari la oda, kwa hiyo uchaguzi wenye maana ni kati ya mchuuzi wa kanuni na alama, na uchaguzi huo unategemea kama kikundi kinataka kuujua mwelekeo wa habari au kinataka kila mwanachama apime ubora wa mawazo yake mwenyewe.

Kabla ya kulinganisha, ni lazima niseme jambo kuhusu neno lenyewe. Hapa kwetu "kubashiri" kumeshachukuliwa na mikeka, na mzazi akisikia kwamba mtoto wake wa kidato cha tano yumo katika kikundi cha kubashiri atashtuka, na atakuwa na haki ya kushtuka. Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na kikundi chochote kinachotaka kukusanya viingilio vya fedha na kuwalipa washindi kinapaswa kwanza kubisha hodi kwenye Bodi hiyo. Katika njia ninazozieleza hapa, hakuna shilingi inayoingia wala inayotoka. Sarafu yetu tunaiita buni, ipo kwenye daftari tu, kila mwanachama alianza na buni 10,000, na hakuna anayeruhusiwa kuinunua, kuiuza au kuibadilisha kwa soda.

Swali linalofuata huwa ni kama watu watakuwa makini ikiwa hakuna fedha. Nami nililiuliza, kwa sababu nilidhani bila shilingi mezani kila mtu atajiandikia tu. Majaribio yanaonyesha vingine. Katika msimu wa mwaka 2003 wa ligi ya kandanda ya Kimarekani, watafiti walilinganisha masoko mawili, TradeSports lililotumia fedha halisi na NewsFutures lililotumia sarafu ya mchezo, kwenye mechi 208. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 yalionyesha kwamba masoko hayo yalikuwa sahihi kwa kiwango kinachokaribiana sana. Maelezo yao yananishawishi: fedha halisi inaweza kumsukuma mtu akatafute habari zaidi, lakini katika soko la sarafu ya mchezo mtu hawezi kuwa tajiri kwa njia nyingine isipokuwa kwa kubashiri vizuri, kwa hiyo mwenye sauti kubwa sokoni ni yule aliyeonyesha kwa vitendo kwamba anajua. Katika soko la fedha, mwenye mshahara mkubwa anaweza kukosea kwa muda mrefu na bado bei ikamsikiliza.

Wala jambo hili si geni duniani. Foresight Exchange, soko la sarafu ya mchezo kuhusu madai ya sayansi na siasa, lilianza mwaka 1994. Hollywood Stock Exchange, linalohusu filamu na waigizaji, lilifuata mwaka 1996. Manifold, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungulia swali na ambalo sarafu yake huitwa mana, lilianzishwa mwaka 2021. Masoko ya Chuo Kikuu cha Iowa yaliyoanza mwaka 1988 hutumia fedha halisi, lakini mtu haruhusiwi kuweka zaidi ya dola 500, na yalikusudiwa utafiti na kufundishia.

Hisa ya mia

Masoko yote mawili, la oda na la mchuuzi, yanajengwa juu ya kitu kimoja. Swali linaulizwa ambalo jibu lake ni NDIYO au HAPANA, na linapewa tarehe ya kufungwa. Hisa moja ya NDIYO italipa buni 100 ikiwa tukio limetokea, na haitalipa kitu ikiwa halikutokea; hisa ya HAPANA ni kinyume chake. Ikiwa hisa ya NDIYO inauzwa kwa 63, bei hiyo inasomeka kama asilimia: soko linaona uwezekano wa tukio ni 63 katika 100. Anayeamini kwamba uwezekano ni 80 ataona hisa hiyo ni rahisi na atanunua, anayeamini kwamba ni 40 atauza, au atanunua HAPANA, ambayo ni jambo lile lile, na bei itasogea mpaka ifike mahali ambapo hakuna anayeona faida ya kuendelea.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosa, na lililotuchukua wiki kadhaa kulielewa, ni kwamba kununua NDIYO hakumaanishi tu kuamini kwamba tukio litatokea. Jumamosi moja mwanafunzi mmoja alimwona mzee mstaafu akiuza hisa zake zote za swali la bei ya petroli, akamfuata.

"Shikamoo mzee. Mbona umeuza, na wewe mwenyewe wiki iliyopita ulisema mafuta yatapanda?"

"Marahaba, mwanangu. Na leo bado nasema yatapanda. Lakini bei imefika 84, na mimi moyoni mwangu naona 70. Kwa bei hiyo nauza hata jambo ninaloliamini."

Mwanafunzi alisimama pale na daftari lake kwa muda, kisha akaenda ukutani kusoma bei upya. Nadhani siku hiyo alijifunza zaidi kuliko alivyojifunza katika mabishano yetu yote ya awali, kwa kuwa alianza kuuliza "kwa kiasi gani" mahali ambapo zamani aliuliza "ndiyo au hapana".

Daftari la oda

Tulianza na njia hii kwa sababu ndiyo inayofanana na soko tunalolijua. Tulibandika karatasi ya manila ukutani, upande mmoja tukaandika "Nanunua" na upande wa pili "Nauza", na kila mtu akaweka bei na idadi ya hisa. Oda ya kununua ikikutana na oda ya kuuza, hisa zinaundwa: mnunuzi wa NDIYO kwa 60 na mnunuzi wa HAPANA kwa 40 wanatoa jumla ya buni 100, na mia hiyo inakaa pembeni ikimsubiri atakayeshinda. Uzuri wake ni kwamba hakuna buni inayozaliwa wala kupotea, na hata asiyependa hesabu anaelewa kinachotokea, kwa kuwa ameshawahi kuvutana bei ya ndizi pale Mbuyuni.

Kasoro yake ni kwamba inahitaji umati. Karani wetu aliweka oda ya kununua kwa 55, mwalimu akaweka ya kuuza kwa 70, na katikati hapakuwa na mtu. Karatasi ilikaa hivyo Jumamosi tatu. Pengo lile linakueleza kwamba watu wawili hawakubaliani, lakini ukiuliza soko linaonaje, hakuna jibu. Na hata oda zinapokutana, mtu mwerevu hujiuliza: huyu anayekubali kuniuzia kwa bei hii anajua nini nisichokijua? Katika soko la watu elfu swali hilo halimsimamishi mtu, kwa sababu wapo wanaonunua kwa sababu za kila aina. Katika chumba cha watu kumi na wawili wanaofahamiana, linatosha kuwafanya wote wakunje mikono. Shule yenye wanafunzi mia kadhaa na mwalimu mwenye muda inaweza kuijaribu. Wengine nawashauri wapite.

Mchuuzi wa kanuni

Njia ya pili ilizaliwa kutokana na tatizo hilo hilo. Badala ya kumsubiri mwenzako, unanunua na kuuza kwa mchuuzi asiyechoka ambaye yupo kila saa na bei yake inapangwa na hesabu tu: kadiri hisa za NDIYO zinavyonunuliwa, ndivyo bei ya NDIYO inavyopanda na ya HAPANA inavyoshuka, na bei hizo mbili daima zinajumlisha 100. Kanuni inayojulikana zaidi ilibuniwa na Robin Hanson, mchumi wa Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, na ilichapishwa mwaka 2003. Manifold hutumia kanuni tofauti iliyojitungia, pamoja na oda za kawaida, lakini wazo ni hilo hilo.

Kanuni ya Hanson ina nambari moja tu ambayo kikundi kinapaswa kuichagua, nayo nitaiita kina cha soko. Maji ya kina kirefu hayarukiruki mtu akitupa jiwe. Ya kina kifupi yanatapakaa. Tulipofungua swali la petroli tuliweka kina cha 100, na bei ilianzia 50. Mfamasia alinunua hisa 40 za NDIYO. Hisa ya kwanza ilimgharimu kama buni 50, ya mwisho karibu 60, na kwa zote alilipa buni 2,199. Bei mpya tuliyoandika ubaoni ilikuwa 60. Baadaye mwongoza watalii mmoja alinunua hisa 40 za HAPANA kwa buni 1,801, na bei ikarudi 50. Ukijumlisha walicholipa wote wawili unapata buni 4,000 kamili, na mmoja wao tu ndiye atakayelipwa 4,000. Mchuuzi hakupoteza kitu, kwa sababu bei imerudi ilikoanzia.

Mchuuzi hupoteza pale bei inapoondoka 50 na kuishia upande ulio sahihi. Hasara hiyo ndiyo gharama ambayo kikundi kinalipa ili kupata habari, na ina kikomo kinachojulikana kabla ya kuanza: kwa swali lenye majibu mawili lililoanzia 50, haiwezi kuzidi kina mara 0.693 mara thamani ya hisa, yaani buni 6,930 kwa kina cha 100. Kwa kuwa buni ni maandishi tu, hasara haimuumizi mtu. Ila ni lazima kikundi kikumbuke kwamba kila swali linaweza kuingiza buni mpya kwenye mzunguko.

Sasa linganisha na kina cha 20. Hisa 40 zile zile za mfamasia zingegharimu buni 2,868, na bei ingeruka kutoka 50 hadi 88. Mtu mmoja, kwa ununuzi mmoja, angekuwa amelisemea soko zima. Tulifanya kosa hilo katika swali letu la pili, ambapo bei ilipigwa danadana kati ya 20 na 85 kwa wiki mbili na haikueleza lolote isipokuwa ni nani aliyewahi kufika siku hiyo. Kipimo ninachokitumia tangu hapo ni hiki: mwanachama mmoja akitumia sehemu moja ya tano ya buni zake, bei isogee kwa pointi kumi hivi. Kwa watu wenye buni 10,000 kila mmoja, kina cha 100 kinatosheleza sharti hilo. Hesabu zote zinafanyika kwenye Excel ya simu, na mwalimu wetu wa hisabati aliiandaa kwa jioni moja.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba bei ipo muda wote. Ukiingia chumbani na kuuliza hali ya mafuta, unapewa nambari moja ambayo imebeba mawazo ya kila aliyethubutu kununua. Faida nyingine ni kwamba asiyejua jambo hana sababu ya kusema. Karani wetu hakugusa swali lolote la riba. Lilipokuja swali la mnada wa kahawa alinunua kwa nguvu zote, na hivyo ndivyo inavyofaa.

Kasoro zake zinajitokeza baada ya miezi kadhaa. Kwanza, utajiri unajikusanya. Baada ya miezi mitano mzee mstaafu na mfamasia walikuwa wameshika zaidi ya nusu ya buni zote, na bei ya kila swali ikawa karibu sawa na maoni ya watu wawili. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni sawa, kwa kuwa walishinda kwa haki, na kwa ubora wa bei huenda ni kweli. Lakini wanafunzi wawili waliofilisika mapema waliacha kuja, na kikundi kisichokuja hakibashiri. Tulijaribu kutoa posho ya buni 500 kila mwezi kwa kila anayehudhuria. Wakarudi, ila jumla ya buni za mtu ikaanza kupima mahudhurio kuliko uelewa, ikabidi tupange washindi kwa faida ya maswali yaliyofungwa peke yake.

Pili, maswali ya muda mrefu na yale yenye bei za pembezoni hayapati wanunuzi. Benki Kuu ilianza kutumia riba yake ya sera Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikaipandisha hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, na haikuigusa tena mpaka Julai 2025 ilipoishusha hadi 5.75. Anayeijua historia hiyo anaelewa kwamba katika robo nyingi za mwaka jibu la swali "Je, riba itabadilika?" ni HAPANA. Hata hivyo, bei ya NDIYO ikiwa 15, mtu anayeona kwamba uwezekano halisi ni 8 lazima afungie buni 85 kwa kila hisa ya HAPANA ili apate faida ya 15, na pengine asubiri miezi mitatu. Wengi huona afadhali wazipeleke buni zao kwenye swali la wiki ijayo. Kwa hiyo bei ya 15 hubaki pale, na msomaji asiyejua hudhani ni maoni ya soko kumbe ni uvivu wa soko. Mahali pengi pa sarafu ya mchezo bei zilizo chini ya 10 au juu ya 90 zinapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Mtandaoni kunaongezeka tatizo la tatu, la mtu mmoja kufungua akaunti nyingi ili ajikusanyie sarafu za bure. Chumbani kwetu halipo, kwa kuwa kila sura inajulikana.

Daftari la alama

Njia ya tatu ndiyo isiyo na mbwembwe, na nimeipenda zaidi kila mwezi unaopita. Kila mwanachama anaandika asilimia yake kwa kila swali. Swali likifungwa, tunachukua tofauti kati ya alichosema na kilichotokea, tunaizidisha kwa yenyewe, na hiyo ndiyo alama yake. Iliyo ndogo ndiyo bora. Aliyesema asilimia 70 na tukio likatokea anapata 0.09. Lisipotokea anapata 0.49. Anayejificha kwenye 50 anapata 0.25 liwe lisiwe. Kipimo hiki kinatokana na kazi ya Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, ya mwaka 1950, alipotaka njia ya kuwapima watabiri wanaotoa asilimia za mvua. Yeye alijumlisha pande zote mbili za jibu, kwa hiyo katika baadhi ya mitandao, kama Good Judgment Open, utakuta kipimo kinaishia 2 badala ya 1.

Ninachokiheshimu katika kipimo hiki ni kwamba kinamlipa mtu kwa kusema anachokiamini kweli. Chukua mtu anayeona moyoni mwake kwamba uwezekano ni 70. Akiandika 70, wastani wa alama anayotarajia ni 0.21. Akijitutumua na kuandika 90, matarajio yanakuwa 0.25, sawa na asiyejua lolote. Akiandika 100 yanakuwa 0.30. Kijana wetu wa bodaboda alikuwa mtu wa mia kwa mia katika kila jambo, na daftari lilimfundisha bila mtu yeyote kumkemea: baada ya maswali kumi aliona mwenyewe kwamba yale machache aliyoyakosea yalikuwa yamekula kila alichopata kwa mengine. Sokoni angefilisika na kuondoka. Katika daftari la alama hakuna kufilisika, na kila swali jipya anaanza na sauti ile ile kama ya mzee.

Je, kikundi kinapata nambari moja? Kinapata, kwa kuchukua wastani au namba ya kati ya maoni yote. Metaculus, mtandao ulioanza mwaka 2015, huonyesha namba ya kati inayoyapa uzito zaidi maoni ya karibuni. Ubora wa nambari hiyo ukilinganishwa na bei ya soko umepimwa kwa upana katika mashindano ya ubashiri yaliyogharamiwa na taasisi ya utafiti wa kijasusi ya Marekani kuanzia mwaka 2011, ambamo timu ya Philip Tetlock na Barbara Mellers iliendesha njia zote mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wenye washiriki zaidi ya 2,400 na matukio 261, ulionyesha kwamba soko liliushinda wastani mtupu wa maoni. Lakini maoni yalipochujwa kwa takwimu, kwa kuyapa uzito ya karibuni na ya watu wenye rekodi nzuri na kuyasogeza mbali kidogo na 50, yalilishinda soko. Maana yake kwa kikundi kidogo ni kwamba daftari la alama linaweza kutoa nambari nzuri, mradi awepo mtu wa kuifanya kazi hiyo ya kuchuja. Asipokuwepo, mchuuzi wa kanuni anaifanya mwenyewe, kwa kuwa utajiri wa buni ndio uzito na haraka ya kununua ndiyo upya wa habari.

Alama zina ugumu wao. Mtu anayechagua maswali mepesi tu ataonekana hodari, kwa hiyo ni lazima wote wajibu maswali yale yale, hata karani asiyependa riba. Pia ni lazima kila mtu aandike kwa siri kabla ya kusikia wengine. Tulipoanza kwa kutaja kwa sauti, wote walizunguka nambari ya mzee kama vifaranga.

Swali lenyewe

Hakuna kati ya njia hizi itakayokiokoa kikundi kilichouliza swali vibaya, na hapa ndipo tulipoumia zaidi. Swali letu la kwanza kabisa lilisomeka: "Je, petroli itapanda mwezi ujao?" Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta nchini, ilitangaza bei kikomo, na ya Moshi ilikuwa imeshuka kwa shilingi chache. Walioshika HAPANA wakaanza kushangilia. Kijana wa bodaboda akatoa risiti mbili mfukoni, ya wiki iliyopita na ya asubuhi ile, kutoka kituo kile kile: bei ya pampu ilikuwa imepanda. Kituo hicho kilikuwa kikiuza chini ya kikomo mwezi uliopita, jambo ambalo kanuni zinaruhusu, na mwezi huu kikapandisha mpaka karibu na kikomo kipya. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli mkononi. Tulibishana saa nzima, na mwishowe tulilifuta swali na kurudisha buni zote, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sisi tuliouliza.

Mvua ni mbaya zaidi. Swali la kama masika yataanza kabla ya tarehe fulani haliwezi kuamuliwa bila kutaja kituo cha kipimo, kwa maana Marangu inaweza kunyesha juma zima huku Kahe wakila vumbi. Tulijifunza kutaja chanzo, mahali, tarehe, saa, na nini kitafanyika chanzo kisipotangaza. Foresight Exchange ilimtaja mwamuzi wa kila dai tangu lilipofunguliwa; Manifold humwachia mtunga swali aamue mwenyewe, jambo linalorahisisha kufungua maswali lakini linalomlazimu mnunuzi amjue mtunga swali kwanza. Sisi tuna mwamuzi mmoja kwa kila swali, na haruhusiwi kulibashiri.

Na yapo maswali tusiyoyafungua. Mwaka 2003 mpango wa soko la kubashiri matukio ya Mashariki ya Kati uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani ulivunjwa mara tu umma ulipousikia, kwa kuwa watu walichukizwa na wazo la kupata faida kutokana na mashambulizi. Mmoja wa waongoza watalii wetu aliwahi kupendekeza swali kuhusu ajali za mlimani, akaliondoa mwenyewe kabla hatujajibu. Vifo, magonjwa ya watu na kesi za majirani havina nafasi ubaoni kwetu.

Kuhusu kujiunga na mitandao iliyopo badala ya kujianzishia, nitasema kwa ufupi: Manifold, Metaculus na Good Judgment Open ni bure na zinafaa kwa mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri na kufuatilia habari za dunia. Maswali mengi ni ya Marekani. Mtu anaweza kufungua swali la Moshi kwenye Manifold, lakini atakayelinunua huenda hajawahi kuisikia EWURA, na bei atakayoiweka haina cha kukufundisha.

Kwa kikundi kinachoanza, nashauri miezi mitatu ya daftari la alama, maswali manne kila mwezi, majibu yote yasizidi wiki sita kufungwa. Baada ya hapo fungueni soko la mchuuzi wa kanuni kwa maswali machache mnayotaka kuyafuatilia siku hadi siku, na endeleeni na alama kwa yaliyobaki. Sisi ndivyo tulivyo sasa. Swali lililo ubaoni wiki hii, kwa kina cha 100, linasomeka hivi: "Je, bei kikomo ya rejareja ya lita moja ya petroli kwa Moshi, katika tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao, itakuwa kubwa kuliko ile ya tangazo la mwezi huu? Zikilingana, jibu ni HAPANA. Tangazo lisipotoka ndani ya siku saba, swali linafutwa na buni zinarudishwa. Mwamuzi: mfamasia." Jana jioni bei ilikuwa 57.